Kugombania Wajukuu Barafuni

Jumamosi, 7 Februari 2015

Vita vimetangazwa. Aliyevitangaza ni binti yangu mwenyewe, tena akiwa ameshika kikombe cha chai.

Velma amesema kuanzia Machi zamu yake ya uuguzi itakuwa ya mchana. Mumewe, Pacifique, anaendesha lori la mizigo, na wiki nyingine tunamwona siku mbili tu. Kwa hiyo mmoja wetu atabaki na wasichana. Ni mimi, ninayeishi nao hapa Brooklyn Park huu mwaka wa pili, au ni Générose, mama yake Pacifique, anayekaa Columbia Heights. Chumba cha ziada ni kimoja, nacho ndicho ninacholala. Générose akihamia, mimi niende kwa mwanangu Alvin, Coon Rapids. Nikamwuliza ataamua vipi. Akasema ataangalia watoto wanatulia na nani.

Watulie! Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu miaka kumi na tisa. Wavulana mia sita walitulia nikikohoa tu.

Leo Générose aliwapeleka kuteleza kilimani juu ya theluji, wamekaa kwenye sahani kubwa za plastiki. Waliporudi mashavu yalikuwa mekundu na walikuwa wanaimba Kifaransa. Philister, wa miaka saba, aliyepewa jina la marehemu mke wangu, akasimulia kwamba Koko mwenyewe aliteleza. Koko ndivyo wanavyomwita. Mwanamke wa miaka sitini na mitatu, kitenge juu ya suruali ya theluji! Nikamwuliza Uwineza, mdogo, kama angependa kubaki nyumbani na Babu kesho tusome majina ya mito. Ana miaka minne. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba Babu hukaa tu.

Hukaa tu! Nitawaonyesha.

Jumapili, 8 Februari 2015

Mpango wa kwanza. Générose alikuwa amewaahidi wasichana bustani ya vioo ya Como baada ya ibada. Pale ndani kuna joto na migomba, nje theluji. Kabla hatujatoka nikamwambia Velma kwamba nimesikia redioni dhoruba inakuja saa nane na barabara zote zitafungwa. Velma akaangalia simu yake. Jua kutwa nzima. Akaniuliza ni redio gani. Nikasema imeharibika.

Wakaenda. Nami nikaenda, kulinda maslahi yangu. Nilikaa kiti cha nyuma katikati ya viti viwili vya watoto, magoti kidevuni, kwa sababu Générose ndiye mwenye gari. Leseni aliipata kwa jaribio la kwanza. Mimi nimefeli mara mbili, na ya pili mtahini alikuwa na roho mbaya.

Bustanini nikaamua kufundisha. Nikawaeleza wasichana habari za mgomba: mzizi, shina, hatua za ukuaji. Nilipofika hatua ya tatu niligeuka, nikakuta nimekuwa nikimweleza mzee mmoja Mzungu aliyetikisa kichwa kwa heshima. Wasichana walikuwa wamechuchumaa na Générose wakitazama samaki. Alikuwa anawaambia jinsi mama yake alivyomfunga mgongoni kwa jani la mgomba mvua ilipowakuta njiani. Hakuna mtoto anayefungwa kwa jani la mgomba. Lakini walimwamini!

Jumanne, 10 Februari 2015

Mpango wa pili: mtu wa theluji uani, mkubwa kuliko wote mtaani. Philister akirudi kutoka shuleni amkute pale.

Theluji ilikataa kushikana. Ilikuwa kama unga wa mahindi uliosagwa jana. Nikafikiri: unga hukandwa kwa maji. Nikabeba ndoo nne kutoka jikoni. Uwineza alinitazama dirishani, ulimi kwenye kioo. Mtu wa theluji hakusimama. Ila ngazi za mlango, nilikopita na ndoo, zikawa kioo.

Générose akaja na sufuria ya maharage. Akaziona ngazi, akavua viatu, akapanda kwa soksi kama paka. Nikatoka kumweleza kwamba nilikuwa najua zinateleza. Sikufika mwisho wa sentensi. Nilikuwa chali, natazama mbingu ya Minnesota, ambayo haina cha kutazama.

Akainama juu yangu. “Papa Zadock, pole. Mifupa iko mizima?”

Nikamwambia nilikuwa napumzika.

“Basi pumzika ndani. Hapa utaganda.”

Akamwaga chumvi kwenye ngazi zote, kisha akanipakulia maharage. Yalikuwa matamu. Sikusema.

Alhamisi, 12 Februari 2015

Mungu si Athumani! Twagirayezu, mzee mwenzangu wa kanisani, ana kibanda cha kuvulia samaki juu ya ziwa lililoganda. Kina jiko la gesi na viti. Unatoboa barafu, unateremsha kamba, unangoja. Nilimwambia mimi ni mtoto wa Nyanza na samaki nawajua. Kwetu ni mbali na ziwa, lakini samaki nimewala vya kutosha.

Jumatatu shule zitafungwa. Twagirayezu atatubeba kwa gari lake. Velma akatoa masharti: saa moja tu, ndani ya kibanda, glavu mbili mbili, zisivuliwe. Nikasema, “Velma, nilikulea wewe.” Akasema Mama ndiye aliyemlea, mimi nilikuwa shuleni.

Si kweli. Au ni kweli, lakini hiyo ilikuwa kazi.

Nimewaonya wasichana wasimwambie Koko. Philister akauliza kwa nini. Nikasema ni zawadi yake. Ameniangalia kwa macho ya marehemu.

Jumatatu, 16 Februari 2015

Naandika kwa sababu ni lazima niandike.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Kibandani kulikuwa na joto, wasichana wakivua kofia, Philister akishika kamba. Katika dakika ya ishirini akapata samaki, mdogo kama kiganja. Shangwe! Lakini wakamshangilia Twagirayezu. Kibanda chake, kamba yake, samaki wake. Nikaona jinsi hadithi itakavyofika nyumbani: mimi nitakuwa abiria tu.

Nikakiazima chombo cha kutobolea. Nikawachukua wasichana hatua thelathini nje, tukatoboe shimo letu wenyewe. Twagirayezu akasema upepo ni mbaya. Nikamwambia dakika tano.

Kutoboa peke yake kulichukua robo saa. Sikupata samaki. Basi nikamchukua yule wa Philister kutoka kwenye ndoo, nikamwambia Uwineza amshike karibu na shimo letu nipige picha ya kumpelekea Velma. Samaki akateleza kwenye glavu. Nikamvua mtoto glavu. Zote mbili za mkono wa kulia. Mimi mwenyewe.

Simu ikazimika kwa baridi. Nikaitia kwapani, ikawaka, ikazimika. Nikamwambia Uwineza ashikilie, bado kidogo, atabasamu. Alitabasamu. Hakulia hata kidogo. Alishikilia samaki, akangoja niseme basi.

Philister ndiye aliyeona. Akapiga kelele kwamba vidole vya Uwi vimekuwa vyeupe, akakimbia kibandani.

Twagirayezu alimpigia Velma, na Velma, akiwa wodini kwa zamu ya ziada, akampigia aliye karibu. Tulikuwa tumemwingiza mtoto ndani. Nilitaka kumsugua kwa theluji, nilisikia mahali kwamba hufanywa hivyo. Twagirayezu akanishika mkono akanizuia. Mlango ukafunguliwa. Générose. Hakunisalimia. Akakaa chini, akafungua koti, akainua blauzi, akauweka ule mkono mdogo kwapani mwake, kwenye ngozi. Akaanza kuimba polepole. Vidole vilipoanza kupata uhai ndipo Uwineza akalia. Sijawahi kusikia mtoto wetu akilia vile.

Daktari amesema vitapona vyote. Malengelenge mawili. Wiki mbili.

Velma alikuja kliniki na sare yake. Hakupaza sauti. “Baba, nilikuambia ndani.”

Nikamweleza kuhusu simu. Simu gani hii isiyovumilia baridi kidogo?

Jumatano, 18 Februari 2015

Hukumu imetoka. Jumamosi nahamia Coon Rapids. Pacifique amenipigia kutoka njiani, akaniita Baba kwa adabu, akasema si adhabu. Mkwe akikuambia si adhabu, funga sanduku.

Nimeyafikiria yote kwa haki. Makosa ni ya simu, ya upepo, ya samaki ambaye alikuwa na utelezi usio wa kawaida, na ya Twagirayezu ambaye alipaswa kunikataza kwa nguvu zaidi.

Chakula cha mchana Uwineza alikula kwa mkono wa kushoto. Kijiko kilikuwa kinampita mdomo. Nikajitolea kumlisha. Akasema hapana, ataweza. Nikaenda chumbani kukunja nguo.

Jumapili, 22 Februari 2015

Coon Rapids. Chumba kiko chini ya ardhi na dirisha linatazama theluji iliyoegemea kioo. Alvin anafanya kazi hospitalini usiku na kulala mchana. Tunakutana mlangoni kama walinzi wanaopokezana. Hana mke, hana mtoto, hana hata jirani mkorofi. Sina wa kushindana naye.

Nimepiga simu Brooklyn Park. Philister alinisalimia. Nikaomba niongee na Uwineza. Nikasikia akiitwa. Nikasikia hatua. Halafu Philister akarudi akasema Uwi anachora.

Nilingoja, labda atamaliza. Hakumaliza.

Jumamosi, 28 Februari 2015

Wamekuja! Velma, wasichana, na Générose mwenyewe kwenye usukani. Bendeji imetolewa. Nikaomba kuuona mkono. Uwineza akanionyesha kidole kimoja kimoja, kama mtu anayekagua vyombo alivyoazimisha. Ngozi mpya ni laini, ya waridi. Nilitaka kusema jambo. Nikasema ni vidole vizuri. Akakubali kwamba ni vizuri.

Kisha Velma akasema nirudi nyumbani. Si wazo lake, ni la Générose. Chumba changu hajakigusa, analala na wasichana.

Générose akasema, “Papa Zadock, mimi babu yangu alizikwa kabla sijamjua. Hawa watoto babu wanaye, na anakaa chini ya ardhi? Hapana. Rudi. Tutawachunga sote wawili.”

Nikamtazama usoni nione ujanja uko wapi. Ameuficha vizuri sana. Ila mimi si mtoto. Wiki moja tu na wasichana wawili, amechoka! Hawezi bila mimi. Amekuja hapa na gari lake kusalimu amri, na ameamua kuiita huruma.

Nimekubali, kwa upole wa mshindi. Njiani Uwineza alilala begani mwangu, mdomo wazi, na sikusogea mpaka Brooklyn Park ingawa mkono wote ulikufa ganzi.

Nimempigia Twagirayezu aniazime viatu vya kuteleza juu ya barafu, vile vya visu. Jumamosi ijayo nitazunguka ziwa lote, wasichana wakishangilia ukingoni. Kuteleza kilimani umekaa kwenye sahani, yeyote anaweza. Kusimama ndiyo kazi. Twagirayezu anasema barafu ya Machi si ya kuaminika. Wivu. Akaniuliza kama nimewahi kuvivaa. Sijawahi. Lakini Générose hajui hilo.