Mtulivu Aliyeazima Nusu ya Maktaba

Jumatatu, 3 Machi
Nimepewa kazi! Chama chetu cha kompyuta kinaunda kikaguzi, yaani programu ya kuchungulia ndani ya programu nyingine ili kuona imekwama wapi. Tunakijaribu kwenye programu ya maktaba ya shule. Humo kila kitabu kina kiungo kinachoelekeza kwa aliyekiazima. Kitabu kikiwa hakijaazimwa, kiungo hakielekezi kwa yeyote. Kikaguzi kionyeshe nini hapo? Hilo ndilo fumbo langu. Nikilifumbua vizuri, Ijumaa mimi ndiye nitakayekionyesha kwa wageni. Jirani yangu wa dawati, tunayemwita Miwani, anasema niandike "HAKUNA". Neno kavu! Wageni watadhani tumefilisika.

Jumanne, 4 Machi
Dawa imepatikana. Penye utupu nimeandika "Mtulivu". Jina la mtu aliyelelewa vyema. Skrini imejaa, hakuna pengo. Miwani ameuliza Mtulivu ni nani. Nimemkumbusha kwamba wivu ni kidonda.

Jumatano, 5 Machi
Balaa. Programu inazimika kila inapotaka kumkumbusha mwazimaji arudishe kitabu. Miwani ametafuta kosa mchana kutwa, huku kikaguzi kikimhakikishia kwamba mwazimaji yupo. Mkutubi naye amechungulia, akaona nusu ya maktaba iko kwa Mtulivu. Sasa hatoi kitu. Dada mmoja wa darasa la juu aliyetaka kuazima alimwonyesha kitabu chenyewe rafuni, mbele ya pua yake.
"Nakiona, mwanangu," mkutubi akamjibu. "Lakini kina mwenyewe. Niletee Mtulivu."

Alhamisi, 6 Machi
Mtulivu ameitwa mstarini asubuhi. Hakujitokeza. Mwalimu wa zamu amesema huo ni utovu wa nidhamu, aje na mzazi. Nilitamani ardhi inimeze. Mwalimu wa kompyuta aliniita kando.
"Binti, pasipo na mtu, sema hapana mtu. Kikaguzi chenye haya hakikagui."
Nikasema ndiyo, mwalimu. Kazi kapewa Miwani.

Ijumaa, 7 Machi
Miwani amewaonyesha wageni "HAKUNA" yake. Wamepiga makofi! Kwa neno lile!
Nimekaa nikajichunguza kwa moyo mweupe, na kosa langu nimeliona. Mtulivu hakuwa na darasa wala wazazi. Mtu wa namna hiyo nani atamwamini? Nimempa kidato cha pili, baba fundi cherehani, na cheti cha daktari cha kueleza kwa nini hakuja mstarini. Jumatatu nampelekea mwalimu. Atafurahi.