Siku Verediana Alipobonyeza Pilau

Sogeeni, enyi mliokwisha kuosha vyombo na ninyi ambao bado, na aliye na mtoto mgongoni amtikise taratibu asije akalia mahali pasipofaa, kwa maana habari inayoletwa hapa ni habari ya vita. Wako waandishi waliopewa kusimulia majemadari waliovuka mito na kuteka ngome. Kalamu hii imeachiwa mwanamke mmoja aliyesafiri kutoka Mwandiga hadi Ujiji akiwa amepakata redio ya kaseti. Kila mwandishi na fungu lake, na hili ndilo lililobaki.

Jina lake ni Verediana, mama wa Regina, simba-jike wa darasa la watu wazima, mshindi wa irabu, mtiishaji wa konsonanti. Katika miaka ile ambapo taifa zima liliitwa kushika kalamu, wazee kwa vijana, yeye aliishika kama mpini wa jembe, hata ikavunjika katika mapambano makali na herufi K. Lakini K ilisalimu amri. Na tangu ushindi huo hakikupita mbele yake kitu chenye maandishi bila kusomwa kwa sauti kuu: gunia la mbolea, kopo la dawa ya wadudu, hata kanga iliyofungwa kiunoni mwa mtu anayekwenda zake. Watu wa Mwandiga walikuwa wameanza kutembea upande wa pili wa barabara.

Ikawa Regina, binti yake wa kwanza, aliposwa Ujiji, mtaa wa Kasingirima, katika nyumba ya Mama Klementina, ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo wakiwa na magitaa yao na majivuno yao, wala hawakuangusha hata kimoja majini. Mama Klementina alituma neno fupi kwa wakwe zake wa Mwandiga, nalo lilikuwa hili: "Bibi arusi aingie na muziki. Nyumba hii haijapata kupokea mtu kimya, isipokuwa maiti."

Neno hilo lilianguka Mwandiga kama jiwe katika sufuria. Marsiana, wifi yake Verediana, dada wa mume na mwenye ulimi uliokata hata pasipo kunolewa, alikwenda mara moja kuwaita wapiga ngoma. Lakini Nikodemu, kaka yake bwana arusi, alikuwa ameleta redio ya kaseti, nyeusi, yenye mkono wa kubebea na safu ya vitufe mbele kama meno ya mamba, na ndani yake muziki wa dansi wa ng'ambo ya ziwa. Kijana huyo aliinama ili aonyeshe: hiki ni cha hivi, hiki ni cha vile.

Verediana akamzuia kwa kiganja.

"Mwanangu Nikodemu," akanena, na majirani wote wakasikia, kwa kuwa alikusudia wasikie, "usijichoshe. Zama za kuonyeshwa kwa kidole zimekwisha kupita katika nyumba hii. Palipoandikwa, nitasoma. Nilichosoma, nitakitenda. Nenda katangulie, uwaambie wenzako kwamba muziki utafika."

Nikodemu, ambaye hakuthubutu kubishana na mama wa bibi arusi, akafunga mdomo wake, akapanda baiskeli yake, akaenda. Wapiga ngoma wakarudishwa makwao. Marsiana akasema jambo moja tu.

"Sawa, wifi. Mtoto akiingia kimya nitakuwa hai, na mdomo ninao."

Basi hapo ndipo palipokuwa na uzito wote. Regina akifika bila muziki, angeitwa yule aliyeingia kimya, leo na atakapozaa na atakapozeeka, na kosa lisingekuwa lake. Lingekuwa la mama aliyesoma.

Jioni ilipokaribia, Landrova ya kijiji, ambayo jana yake ilibeba mbegu za mahindi na bado ilikuwa ikizitema kidogo kidogo, iliondoka Mwandiga kwa mngurumo wa majeshi. Usukani ulishikwa na Selestini, dereva wa kijiji, mtu mtulivu. Kando yake aliketi Verediana, na mapajani pake ile redio. Nyuma walikuwa Regina chini ya shela lake, Marsiana, na wanawake waliobanana kama ndizi katika mkungu.

Michikichi ikapita kushoto na kulia. Ndipo shujaa wetu alipoinama juu ya vitufe ili avisome.

Ole wake. Herufi zote alizifahamu, moja moja, kama mtu anavyowafahamu watoto wa jirani. Lakini mafundi wa nchi za mbali walikuwa wabahili wa irabu: walizibana, wakazikata, wakaziacha kwao. Je, alirudi nyuma? Hakurudi. Kwanza akakutana na S, T, O, P. Akatia irabu pale zilipokosekana, akapata Sitop, na moyo ukamruka, kwa sababu mtu yeyote aliyefika hatua yake darasani angeona kwamba neno limekatwa njiani. Ni Sitopiga. Mashine inasema yenyewe kwamba haitapiga muziki. Hicho basi ni cha kunyamazisha.

Kilichofuata kilikuwa na R, E, W. Katika ndimi za Waha ra na la ni ndugu wa tumbo moja, hawagombani, na hapo Rew ikawa Lew, na Lew ikawa Lewa. Verediana, mtu wa kanisa, akakitazama kitufe hicho kwa huzuni. Kingine kilikuwa na F mbili tu. Fofofo, akaamua, hicho ni cha usingizi, kisiguswe na mtu gari likiwa linatembea. Chekundu kilikuwa na R, E, C, nacho hakikumsumbua hata kidogo: Rekebisha.

Kikabaki kimoja, kikubwa kuliko vyote, P, L, A, Y. Alikizunguka kama mwindaji anavyozunguka kichaka. Pilay. Pilayi. Kisha nuru ikashuka. Fundi alikosea herufi ya mwisho, jambo linalowapata wengi. Ni Pilau. Kitufe cha karamu, cha kubonyezwa baada ya chakula kupakuliwa, wala si kabla.

"Wifi," sauti ya Marsiana ikatoka nyuma, "tunangoja muziki au tunangoja Ufufuo?"

Kabla hajajibiwa, gurudumu la mbele likaingia shimoni. Kiwiko cha Verediana kikatua juu ya Lewa, na ile redio ikapiga yowe jembamba, ikabwabwaja kinyumenyume maneno yasiyo ya lugha yoyote, kama mtu anayefukuzwa kilabuni.

"Imelewa," Verediana akatangaza, si bila fahari, kwa kuwa alikuwa amesoma hivyo. Akabonyeza Sitopiga. Ikanyamaza papo hapo. Akageuka akawatazama wote, kama jemadari anavyotazama bonde lililotekwa.

"Mmeona. Nimesoma mara mbili, na mara zote mbili imetii. Sasa iliyoharibika itarekebishwa." Akabonyeza kile chekundu kwa kidole cha ushindi. Kikazama, kikamvuta na jirani yake Pilau wakazama pamoja. Vigurudumu vya kaseti vikaanza kuzunguka, taratibu, bila sauti.

"Imenyamaza," akasema Marsiana.

"Inarekebishwa. Mwacheni fundi afanye kazi."

"Fundi gani, wifi? Yumo humo ndani? Basi mpe maji anywe, joto lote hili."

Selestini akacheka akitazama barabara. Wanawake nao wakacheka. Marsiana, alipoona ameungwa mkono, akaendelea. "Na huko tunakokwenda ni Ujiji. Watu wale wanaringa kama ziwa wamelichimba wao. Tukiingia kimya watatuimba sisi."

Hapo ilifaa Verediana atoe hotuba, na maneno makubwa alikuwa nayo, yamepangwa. Lakini alipofungua kinywa, hayakuja.

"Usiwaseme, wifi," akasema polepole. "Huko ndiko mwanangu anakokwenda kuishi. Akiumwa usiku, mimi sitasikia. Watakaosikia ni hao."

Mkono ukatoka chini ya shela, ukatua begani kwa mama, ukakaa hapo. Baada ya kitambo ilisikika sauti nyembamba ikianza wimbo, na kila mtu akashangaa ilipotoka, maana ilikuwa ya Marsiana, ambaye naye alimbeba Regina mgongoni alipokuwa mchanga.

Tumewaletea taa,
mafuta tieni ninyi.

Wanawake wakaudaka. Wakauimba walipopita mtaa wa Mwanga, mafundi cherehani wakaondoa miguu kwenye kanyagio ili watazame, mtu mmoja sokoni akawasalimu kwa Kiha, "Mwidiwe," nao wakamwitikia bila kukata wimbo. Wakauimba hata vumbi la njia ya Ujiji likawaingia kooni, sauti zikakwaruza, kisha zikafa moja baada ya moja. Walipoanza kusikia harufu ya dagaa walioanikwa, gari zima lilikuwa likikohoa.

Kasingirima ilikuwa imejaa watu. Mbele ya mlango alisimama Mama Klementina, mpana, amefunga mikono kifuani, na Nikodemu kando yake akitafuna ukucha. Verediana akabonyeza Sitopiga, akiamini fundi amemaliza. Vitufe vilivyozama vikaruka juu. Kisha akabaki akivitazama vyote, navyo vikimtazama.

"Bonyeza kimoja," akanong'ona Marsiana kwa sauti iliyokauka.

"Kipi?"

"Chochote, wifi, tumefika." Na kidole cha Marsiana kikapita juu ya bega, kikaangukia Lewa. Redio ikalewa upya, ikavuma, ikarudi ilikotoka, mwisho ikagota na kusimama. Selestini akazima injini. Ukimya ulioingia hapo unakumbukwa.

Mama Klementina akauliza, bila kupaza sauti, "Mbona hatusikii kitu? Mmetuletea bibi arusi au mmekuja kutupa pole?"

Enyi mlioshika kalamu ukubwani, mwombeeni shujaa wenu hapo. Silaha zake zilikuwa zimekwisha. Sitopiga haikufaa, Fofofo ilikuwa aibu, Lewa ilikuwa imejaribiwa. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyusi. Ndipo upepo wa ziwa ulipogeuka, ukapita uani kwa Mama Klementina, juu ya masufuria, ukaingia dirishani mwa Landrova ukiwa umebeba iliki, karafuu na vitunguu vilivyokaangwa.

Verediana akainua kichwa. Kumbe wakati ulikuwa umetimia.

Akabonyeza Pilau.

Redio ikakwaruza, ikavuta pumzi, na kwa sauti iliyosikika mtaa mzima ikasema: "Imenyamaza."

Watu wakatazamana. "Inarekebishwa," redio ikaendelea. "Mwacheni fundi afanye kazi." Kumbe kile chekundu hakikuwa kimerekebisha chochote. Kilikuwa kimekaa kimya safari nzima kikisikiliza, kama mkwe mgeni. Ikafuata ile ya fundi kupewa maji, na baadhi ya watu wa Kasingirima wakaanza kucheka, na Marsiana, aliyekumbuka kabla ya wengine kinachokuja, akajifunika kanga kichwa kizima.

"Watu wale wanaringa kama ziwa wamelichimba wao."

Kicheko kikakatika. Kidole cha Verediana kikaruka juu ya Sitopiga. Kikitua, maneno yatakoma na binti yake ataingia kimya. Kikiacha, nani ajuaye. Mkono ukatoka chini ya shela ukakishika.

"Acha, mama," akasema Regina.

Basi ikaachwa, na sauti iliyofuata haikuwa ya mshindi wa irabu wala ya simba-jike yeyote. Ilikuwa ya mama aliyechoka na safari, ikisema kwamba huko ndiko mwanawe anakokwenda kuishi, na akiumwa usiku yeye hatasikia.

Mama Klementina akafungua mikono yake. Akashuka barazani, akaja mpaka dirishani.

"Ni wewe uliyesema haya?"

"Ni mimi, mama."

"Na huyo wa ziwa ni nani?"

Kanga moja huko nyuma ilikuwa ikitetemeka.

"Mwambieni alilichimba babu yangu," akasema Mama Klementina, "na koleo lake lipo. Ashuke anywe maji, sauti imemkauka." Kisha akamfungulia Regina mlango kwa mkono wake mwenyewe, akamwinamia Verediana, akasema kwa sauti ya chini, "Nitasikia. Akiumwa, nitasikia."

Na hapo, kana kwamba ilikuwa ikimngoja, redio ikaanza wimbo. Wanawake wa Mwandiga, ambao makoo yao yalikuwa yamekufa, wakaimba kwa nguvu zao zote kutoka ndani ya sanduku lile jeusi, na wanawake wa Ujiji wakawaitikia kutoka nje: tumewaletea taa, mafuta tutatia sisi. Vigelegele vikapanda mpaka juu ya mapaa. Regina aliingia nyumbani kwake kwa kelele ambazo hata wazee wa Kongo hawakupata kuzileta.

Baadaye, masinia yalipokwisha kuletwa, Nikodemu alikuja kuichukua redio yake. Akasikiliza upande mmoja, uso ukamwanguka.

"Shangazi, ule muziki wa dansi uko wapi?"

"Umerekebishwa," akajibu Marsiana, akitafuna.

"Na hiki kitufe, mama," akamgeukia Verediana, "hakikuandikwa..."

"Kijana." Marsiana akaweka tonge chini, jambo asilolifanya kwa sababu ndogo. "Imeandikwa Pilau. Wifi yangu amesoma. Kula."

Hivyo ndivyo ilivyotekwa Ujiji, bila ngoma na bila mpiga gitaa, kwa kidole kimoja kilichobonyeza kitufe sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Majemadari wana sanamu zao. Verediana ana hili: tangu siku ile hadi hivi leo, katika Mwandiga yote, mtu akitaka kuanzisha muziki, awe mwalimu, awe karani, awe mtoto aliyezaliwa juzi, humwambia aliye karibu na redio, "Bonyeza pilau."