Mbwa wa Masalu Apata Chumba na Sebule

Alfajiri ile Kabula, mke wa Masalu, alipofariki, mlango wa uani haukufunguliwa. Miaka yote yeye ndiye aliyeufungua akatoka kuwasha moto, na Masalu aliamshwa na kelele za masufuria. Baada ya mazishi Masalu akawa anatokea mlango wa mbele, na akitoka anakwenda moja kwa moja kijiweni, pale stesheni ya Mpanda, ambako watu hukalia mataruma chakavu ya reli na kunywa kahawa ya Gaudensi.

Asubuhi moja, mwaka ule wa mvua za Elnino, alikuta habari imemtangulia. Aliyeileta ni Thadei, ambaye walimwita Bibisii kwa kuwa redio yake haikuwahi kuwa na betri, lakini habari zote alikuwa nazo.

"Jamani, taarifa ya habari," alisema Bibisii. "Mbwa wa Masalu kajengewa chumba na sebule. Mimi na mama watoto na wanangu wote tumepanga chumba kimoja pale Kashaulili. Mbwa ana sebule!"

"Kwani anapokea wageni?" aliuliza Gaudensi, akimimina kahawa.

"Muulize fundi."

Fundi alikuwa Cletus, na jina lake pale lilikuwa Msumari. Alipuliza kikombe chake kwanza.

"Mtoto hushonewa sare kubwa, akue nayo. Mbwa naye si atakua? Nimemjengea banda la ukubwani."

"Na sebule?"

"Mbao za mninga zilikuwa zimebaki."

Kila mmoja alijua zimebaki kwenye kazi gani, maana wao ndio waliolibeba jeneza lile. Gaudensi akamwongezea Msumari kahawa bila kuombwa.

Masalu akaona bora aseme mwenyewe. Kabula, kabla hajaugua, alimwomba Sista Imakulata wa Karema kitoto cha mbwa. Kikaja ndani ya kikapu, juu ya lori la dagaa, mwombaji akiwa ameshazikwa. Dereva akafikisha na maagizo.

"Sista anasema mbwa hachafui anapolala," alieleza Masalu. "Kwa hiyo alale ndani ya nyumba, kwenye kibanda kidogo cha kumtosha kugeuka tu. Akiamka umtoe nje, palepale kila siku. Akikojoa, umsifu."

Bibisii akasimama. "Umsifu? Mwanangu kafaulu kwenda sekondari sijamsifu. Leo nimsifu mbwa kwa mkojo?"

"Ndiyo maana likizo mwanao anaishia kwa mjomba wake," alisema Gaudensi.

"Usinitoe kwenye mada. Masalu, sasa shida iko wapi?"

"Analala chumbani, anakojolea sebuleni."

Mataruma yakatikisika kwa vicheko. "Huyo kastaarabika kuliko wapangaji wenzangu!" alipiga kelele Bibisii.

Masalu hakucheka. "Dada yangu Nyanzala anakuja Jumamosi kutoka Majimoto, kwa ajili ya arobaini. Aliniambia palepale msibani: nikija nikakuta nyumba inanuka, nitajua imekushinda. Tunafunga mlango, unarudi na mimi."

"Si uende, kaka?" aliuliza Bibisii. "Majimoto kuna mchele, kuna maziwa. Sisi hapa tuna mataruma."

"Kabula yuko hapa," alisema Masalu.

Bibisii akakaa chini.

"Msumari, chukua msumeno," Gaudensi akasema, "ukate hiyo sebule."

"Mninga ule nimeukata mara moja. Inatosha." Msumari akatazama ndani ya kikombe. "Lakini naweza kuziba upenyo wa katikati."

"Na sebule ibaki tupu?" aliuliza Bibisii. "Basi mimi nimeomba wa kwanza."

Wakaongozana wote hadi kwa Masalu. Banda lilikuwa kwenye korido, limeegemea ukuta wa nyuma. Msumari akagongea ubao mmoja, sebule ikatengana na chumba. Mbwa akatiwa chumbani, akazunguka, akalala. Wakaketi sakafuni kumngoja, kama watu wanaomngojea mgonjwa azinduke. Alipoamka akalia. Masalu akambeba mbiombio, akapita sebule ya watu, akaelekea mlango wa mbele. Hawakufika. Shati lake likalowa.

"Mzee, unampitisha wapi?" aliuliza Msumari. "Mlango wa uani si huu? Nikinyoosha mkono naushika."

"Huo haufunguliwi."

"Komeo bovu? Nikurekebishie."

"Komeo ni zima."

Msumari akalitazama komeo. Lilikuwa na vumbi. Akairudisha nyundo yake kwenye mfuko, akaaga. Gaudensi akafuata. Bibisii naye akatoka, na siku ile hakuwa na habari ya kumpa mtu.

Alfajiri iliyofuata mbwa alilia. Masalu akambeba, akasimama koridoni, uso umeelekea mbele. Mbwa akalia tena. Hapo akageuka. Komeo lilikuwa gumu, akalisukuma kwa kiganja mpaka likaachia. Nje mafiga yalikuwa yamelowa mvua, majivu yamekuwa tope. Mbwa akatembea hadi penye mpapai, akachuchumaa, akamaliza haja yake.

Ikabaki kumsifu, na Masalu hakujua mbwa husifiwaje. Akamwambia neno alilokuwa akimwambia Kabula kila alipopokea uji wake.

"Wabeja," alisema. Asante.

Jumamosi Nyanzala akashuka kwenye lori la mpunga, tope hadi magotini. Kabla ya kuketi alinusa jikoni, akanusa chumbani, akainama akaingiza kichwa bandani.

"Ng'wana mayu, mwana wa mama," alimwambia kaka yake, "nyumba hainuki." Akachungulia upande wa pili. "Na hiki chumba kingine kitupu, cha nani?"

Mlangoni mtu akakohoa.

"Shikamoo, dada," alisema Bibisii. "Hicho kina mtu."

Arobaini ikapita, Nyanzala akapanda lori peke yake. Mbwa bado hana jina. Kabula ndiye angelichagua. Mlango wa uani hufunguliwa kila alfajiri.