Masikio Yaliyokomaa

Jumatatu, 4 Agosti
Balaa kiwandani. Reginald, bosi wetu wa mbao hapa Moshono, anataka kumpa Nashipae msumeno mkubwa. Nashipae! Binti wa miaka ishirini na minne! Mimi nina hamsini na tisa, nimezeekea kwenye vumbi hili. Nimemwambia bosi ukweli: masikio ya mwanamke ni laini, kelele itayaua, ya mwanamume mtu mzima yameshakomaa. Akasema basi tupimwe wote wawili. Safi!

Jumanne, 5 Agosti
Nesi Prisca amekuja na mashine yake. Unavaa hedifoni, ukisikia mlio, unanyoosha kidole. Kesho anatupima tena baada ya kazi. Jioni nimevificha vifuniko vya masikio vya Nashipae nyuma ya rundo la mbao. Hakuna aliyeniona.

Jumatano, 6 Agosti
Nashipae alipovikosa, bosi alinivua vyangu kichwani akampa yeye. Eti masikio yangu si yameshakomaa? Nimeshinda kwenye kelele masikio wazi. Jioni usikivu wa Nashipae umeshuka kidogo tu. Mimi nilisubiri mlio mpaka Prisca akaanza kufungasha.

Nyumbani, mwanangu Naeku kapiga simu kutoka Oldonyo Sambu. Nikasikia mumewe ameajiriwa. Nikamwambia, “Hongera sana, mwanangu! Tumshukuru Mungu!” Akakata. Baadaye ukaja ujumbe: hakuajiriwa, amelazwa hospitali. Hali mbaya. Usingizi hakuna. Kichwani mnalia kama nzi kwenye chupa.

Alhamisi, 7 Agosti
Tumepimwa tena asubuhi. Masikio ya Nashipae yamerudi yalivyokuwa. Yangu nusu. Nimemuuliza Prisca kama ni uzee. Akasema umri huenda unachangia, na kuhusu mwanamke na mwanamume hata wataalamu wanabishana. Lakini, akaniuliza, mwenzangu alivaa vifuniko, mimi sikuvaa, sasa tunalinganisha nini? Akaniagiza nikae mbali na kelele. “Safari hii yatarudi, mzee. Siku moja hayatarudi.” Nilimwomba arudie.

Msumeno kapewa Nashipae. Kanipa shikamoo kwa adabu. Nimeona mdomo tu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari. Masikio yangu yamelegezwa na vifuniko, basi. Yanataka mazoezi. Leo kanisani nimekaa chini ya spika kubwa, mwanzo mpaka mwisho. Naambiwa tumemwombea mkwe wangu. Mchungaji naye kaishiwa nguvu, maskini: ibada nzima alikuwa ananong'ona.