Ndevu za Kuvutia Wateja

Jumatatu, 3 Machi

Wateja watatu tangu asubuhi. Ng'ambo ya barabara, kwa yule mwanagenzi wangu wa zamani, watu wamejaa hadi kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika mashine, kwenye kiti hiki hiki! Sasa ana saluni yake, vioo vinne, na ndevu zilizochongwa zikachongeka. Nimewaza mchana kutwa. Siri si mkono. Ni ndevu! Mtu akimtazama anatamani kufanana naye. Akinitazama mimi anaona nywele pembeni na uwanja wa mpira katikati. Nimekata shauri: kichwa wembe, ndevu zikue. Kichwa nimekimaliza leo leo. Mke wangu ameingia akanipa shikamoo, kisha akanitambua, akacheka mpaka akakaa chini.

Jumatatu, 24 Machi

Zimeota! Mvi ni nyingi kuliko nilivyotarajia, na shavu la kulia lina kiraka ambacho nywele zimekikataa katakata. Lakini zimeota. Mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka ishirini, alinitazama kiooni kwa muda mrefu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia asubiri nizichonge. Akasema hana haraka, ila leo nisimkate sikio tena. Mara iliyopita alijitikisa mwenyewe! Sikubishana naye. Wale wa zamani wote wameshavuka barabara, amebaki yeye. Naye akivuka, hatabaki mtu wa kuniita fundi. Hilo linaniuma kuliko kiti kukaa kitupu.

Jumanne, 25 Machi

Nimejichonga. Nikapunguza kushoto. Kulia kukawa kuzito. Nikapunguza kulia. Kushoto tena. Saa nzima! Kosa ni la kioo, kinageuza mambo. Niliacha zilipobaki nusu, upande mmoja umepanda karibu na sikio, mwingine umeteremka shingoni. Mke wangu akafungua mdomo kusema ule msemo wa kila mtu kuhusu vinyozi. Nikamwomba asiumalize.

Alhamisi, 27 Machi

Nimevuka barabara. Asubuhi na mapema, mlango wa nyuma, kofia hadi kwenye nyusi. Nilikuwa nimeandaa uongo kwamba nimekuja kumkagua. Mwanagenzi hakuuliza kitu. Alisema karibu, Fundi, akapangusa kiti ambacho tayari kilikuwa safi. Ni miaka mingi sijakaa kwenye kiti cha mtu. Vidole vyake vikageuza kidevu changu kwenye mwanga, taratibu, vile vile nilivyomfundisha. Machozi yakanilenga. Nikasema ni spiriti.

Alipomaliza akarudi nyuma hatua mbili akauliza, kama enzi zile, amekosea wapi. Nikatazama. Hakukuwa na kosa. Kile kiraka alikuwa amekifanya kikaonekana ni mtindo. Nikamwambia kushoto kumepanda unywele mmoja. Akaomba radhi, akanishukuru! Nilijisikia vibaya mpaka saa nne hivi.

Jumamosi, 29 Machi

Wateja tisa! Wote wameziona ndevu na wote wanauliza nani kazichonga. Mimi, nikawaambia, nani mwingine? Mwalimu naye akakaa, akasema anataka zake ziwe hivi hivi. Nikaanza kwa madaha. Mstari ukapinda. Nikausawazisha, ukapinda kwingine. Wanane waliobaki wakawa wananitazama mkono, si ndevu. Mwalimu ameondoka na kidevu kitupu. Alijipapasa, akasema zitaota tu, Fundi. Afadhali angenitukana. Wale wengine mmoja mmoja wakakumbuka kwamba wana shughuli.

Basi niandike, kwa kuwa hasomi mtu. Mkono wa kulia unatetemeka. Tangu mwaka jana. Sijamwambia hata mke wangu. Naogopa.

Jumatatu, 31 Machi

Mwanagenzi amekuja mwenyewe, hakukaa mpaka nilipomruhusu. Anasema ana wanagenzi wanne na hana subira ya kuwafundisha. Anaomba nihamie kwake. Nikae, nitazame, niwaambie wamekosea wapi. Sitahitaji kushika wembe, akasema, macho sakafuni. Kwa hiyo anajua. Nikamwambia nitampa jibu.

Mke wangu anasema nikubali leo kabla hajabadili mawazo, kisha akanishika mkono, ule wa kulia, akaushikilia. Mwalimu naye kapita kunieleza kwamba kule kwa mwanagenzi, mteja yeyote akisifia kazi, jibu lake ni moja: fundi mwenyewe yuko ng'ambo. Usingizi hauji. Nina furaha, nadhani.

Jumatano, 2 Aprili

Nimetafakari siku mbili, kwa utulivu, kama mtu mzima. Mtu anakuita fundi hata usipokuwapo. Anakuja kwako, hakai mpaka umruhusu. Anakuomba uhamie kwake, tena usishike wembe. Maana yake ni moja tu. Ananiogopa! Ndevu zimemtia kiwewe.

Nimemjibu hapana, kwa adabu. Amesema mlango wake uko wazi siku yoyote. Mitego hiyo naijua. Mke wangu haongei nami tangu mchana.

Ndevu nimezitoa. Nimejikata mara tatu, si kitu. Kosa lilikuwa kuanza na ndevu, kila mtu ana ndevu siku hizi. Sasa ni masharubu: marefu, ncha zimepinda juu, kichwa kinang'aa. Wiki sita zinatosha. Nitayachonga mwenyewe. Mkono utakuwa umeshatulia.