Dakika Mbili za Kuwakumbuka Waliobaki Burma

Ndugu zangu wa Thika, kabla hamjasikia kwa watu, wacha niwaambie mwenyewe. Leo nimeaibika mbele ya shamba zima la Ruiru.

Leo tulikuwa tunakumbuka miaka kumi tangu vita vya Wazungu viishe. Bwana wa shamba alipata kibali (siku hizi za hali ya hatari hata watu watano wakisimama pamoja ni kibali). Askari wa zamani wavae medali, kisha sote tusimame kimya dakika mbili kuwakumbuka waliobaki Burma. Kengele yetu ni kile kipande cha reli kilichoning'inizwa karibu na mashine ya kahawa. Kikigongwa mara moja, watu wanyamaze. Kikigongwa tena, warudi kazini. Nani agonge? Mimi, karani, kwa sababu ndimi mwenye saa ya mkononi.

(Saa hiyo iliharibika Pasaka. Naivaa bado kwa sababu Mzee Njoroge, baba yake Nyambura, aliwahi kusema kijana mwenye saa ni kijana wa maana. Mzee mwenyewe alipigana Burma. Nampenda Nyambura, na leo nilitaka baba yake anione.)

Nilipanga kuhesabu moyoni hadi mia na ishirini, macho yakiwa kwenye saa.

Nikagonga. Kimya. Nilipofika sabini hivi Mzee akanitazama, hesabu ikapotea. Nikaanza upya. Arobaini, mtoto akalia mgongoni kwa mama yake, ikapotea tena. Sasa sikujua nimewahi au nimechelewa, na kugonga mapema ni kuwadharau marehemu. Nikaona heri nizidishe kidogo. Nikazidisha. Uji wa vibarua ukaanza kuungua jikoni na hakuna aliyethubutu kusogea. Bwana wa shamba alikuwa amevua kofia, upara ukageuka mwekundu nikiutazama.

Mwishowe Bwana Singh, fundi wa mashine, akanijia polepole. Akaushika mkono wangu, akaiweka saa sikioni mwake.

"Hii nayo imekufa," akasema. Hakunong'ona.

"Imesimama tu sasa hivi."

"Karani, hii inasema saa tisa na robo. Sasa ni saa nne asubuhi."

Walicheka wote. Askari wa zamani walicheka mpaka medali zikagongana. Niligonga ile reli, lakini hakuna aliyeisikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Mzee Njoroge peke yake hakucheka. Alingoja watu watawanyike, akaja.

"Dakika mbili za kwanza nilimkumbuka ndugu yangu," akasema. "Hizo zingine zote nilikuwa nakuangalia wewe. Jumapili uje nyumbani."

"Ni kwa heri au kwa shari, mzee?"

"Wewe njoo tu."

Sijui naenda kupewa mke au kunyimwa. Mkitaka kucheka, nawaomba mmalize kabla ya Jumapili.