Kamati ya Kutenganisha Mahindi na Maharage

Napenda kuutangazia umma kwamba ile fujo ya mashamba ya mlimani, ambako mahindi na maharage yalikuwa yakiishi tuta moja bila kibali, imepatiwa ufumbuzi. Fomu yetu ya takwimu ina nafasi ya zao moja tu. Kuchapisha fomu nyingine ni gharama, kwa hiyo Kamati iliamua kubadilisha mashamba.

Mwenyekiti nilikuwa mimi. Mvua za kwanza zilipodondoka, nilipanda mlima mwenyewe, nikihema, hadi kwa mjane mmoja mwenye robo tatu ya ekari mteremkoni. Nilimkuta akitia mbegu: shimo la mahindi, shimo la maharage.

"Mama, maharage hayo yarudi ndani."

"Yamekukosea nini, mwanangu?"

"Yanaingilia mahindi kiutendaji."

Akaegemea jembe, akacheka. "Yakifunika udongo, mvua haiubebi, na mimi napalilia mara moja badala ya mara mbili. Mahindi yakiwa bado mabichi, nyumbani tunakula maharage. Jua likiunguza hiki, napona na kile. Nikiyaacha, wanangu watakula fomu?"

Nilimjulisha kwamba hoja hizo hazikuwasilishwa kwa maandishi. Akanionyesha kipande cha serikali kilichopakana na chake, ukubwa uleule.

"Pandeni mahindi yenu peke yake. Mkinishinda, shamba langu chukueni."

"Na ukishinda wewe?"

"Mimi nataka kuachwa tu nilime."

Nilikubali hapohapo. Serikali haiwezi kuogopa maharage.

Mvua ilinyesha vizuri, kisha ikakata wiki tano. Mahindi yetu, yaliyosimama kwa mistari na nidhamu, yakakauka kwa nidhamu. Iliporudi, ilikuja kwa hasira, ikazoa udongo wetu pamoja na mbolea ya ruzuku, ikavimwaga barabarani. Kwa Mama, mahindi yalinyong'onyea kidogo, lakini chini yake maharage yalikuwa yamejaa maganda, na udongo haukusogea hata hatua moja.

Ripoti yangu ilisema tumevuka lengo la usafi wa zao. Waziri akafurahi mno, akaja kujionea. Kwa sababu za kiitifaki nilimpitisha mbali na kipande chetu, nikamfikisha kwa Mama.

"Mheshimiwa, hili ndilo shamba la mfano la Kamati."

"Hongera! Mmefanyaje?"

Nikataja mkakati, uwezeshaji na ufuatiliaji. Mama alisikiliza kwa heshima zote hadi nikamaliza.

"Mheshimiwa," akasema, "hebu mwombe huyu bwana akuonyeshe mharage ni upi."

Nikainama, nikaonyesha kwa uhakika wa kitaalamu. Mama akaung'oa mmea ule taratibu, akautupa kando.

"Hilo ni gugu, baba."

Waziri hakucheka. Waandishi wa habari aliokuja nao walicheka kwa niaba yake.

Mama alivuna magunia matatu ya mahindi na mawili ya maharage, na shamba likabaki lake. Nami wizara iliniletea barua kwamba nimepandishwa. Nilidhani ni cheo. Kumbe ni mlima. Misimu mitatu, mafunzo kwa vitendo, msimamizi wangu ni Mama.

Jana nilimwomba walau aniite Afisa Mkuu wa Palizi. Akautazama mstari wangu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Rudia pale juu kwanza," akasema. "Umeng'oa maharage."